Watu wa Juu ya Korongo

Ipagala, Dodoma
Ijumaa jioni

Mwanangu Seche, mbukwa.

Leo umeniuliza mara mbili kwa nini nimebomoa kona ya ukuta wetu. Mara ya kwanza nilikujibu kwamba ilikuwa na ufa. Mara ya pili nikasema mchwa. Ukaniangalia vile mlivyofundishwa huko chuo cha uuguzi kumwangalia mgonjwa anayesema haumwi popote, ukatikisa kichwa, ukaingia ndani. Mchwa hawali tofali za saruji. Najua, na wewe unajua, na fundi aliyejenga miaka yote hii akitoa jibu la namna hiyo ujue amebanwa.

Sasa umetoka na mama yako mmekwenda kusukwa. Nimekaa juu ya tofali zilizobaki, daftari langu la vipimo liko magotini, na nina kama saa mbili hivi kabla hamjarudi. Nimejaribu kukwambia haya kwa mdomo tangu wiki iliyopita, mdomo ukakataa. Basi nayaandika.

Habari za chandarua, za viatu vya mvua, za kutoazimisha nguo zako, mama yako ameshakupa na ataendelea kukupa mpaka mlangoni pa basi. Hapo sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na linaanza na habari ambayo hutaipenda. Kesho asubuhi basi lako likiondoka, mimi sitakuwepo stendi.

Usinune kwanza. Soma.

Wewe umezaliwa hapa mjini, kwa hiyo korongo lililo nyuma ya nyumba unalijua kama shimo refu lenye mbuzi, mifuko ya nailoni na mchanga. Mimi nilizaliwa mwisho wa pili wa korongo hilohilo, chini kabisa, kijijini kwa bibi yako, ambako limeshakutana na mengine na watu wanaliita mto. Huo mto nao ni mchanga. Maji hupita juu yake siku chache za kifuku, kwa kelele, kisha yanazama chini na kukaa humo kiangazi chote. Sisi tuliyafuata hukohuko.

Kila kiangazi kila kaya ilifungua kisima chake mchangani, mahali palepale pa mwaka jana. Bibi yako alianza kwa jembe, akamalizia kwa kibuyu kilichokatwa katikati. Maji ya kwanza hayanywewi, yanachotwa na kumwagwa, yanachotwa na kumwagwa, mpaka yatakate. Kisha tunazungushia miiba ng'ombe wasiingie. Na palikuwa na miiko. Anayefua hufulia juu, ukingoni, na povu lake humwagwa kwenye vichaka, halirudi mchangani. Nguo za mtoto mchanga zinafuliwa nyumbani. Hakuna kutema mate. Siku moja, nina miaka kama saba, nilikojoa katikati ya mto, mto mkavu kama sakafu hii. Bibi yako alinichapa kwa ufito mpaka nikacheza. Nikalia, "Mama, mto wenyewe si haupo!" Akaniambia, "Umelala. Na wewe ukilala mtu akukojolee?"

Nilipokuja mjini kujifunza ufundi nilikuta watu wazima wenye akili zao wanasema yale niliyoyasema nikiwa na miaka saba. Mto haupo. Kuna korongo tu, na korongo ni mahali pa kutupa. Mtaa mzima ulikuwa na neno lake: mvua itachukua. Pampasi, mvua itachukua. Mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kuwa meusi, betri za redio, kuku aliyekufa kwa kideri, mvua itachukua. Na kweli inachukua. Ikinyesha siku mbili unatoka nje unakuta korongo limefagiliwa kama uwanja wa harusi, na unaona kama Mungu mwenyewe amepitisha gari la taka. Nadhani watu wenye mto unaotiririka mwaka mzima hawawezi kukosea hivi, maana wanaona kitu kikielea. Sisi tulikuwa tunaweka mzigo kwenye mchanga na kusubiri.

Na mimi sikuwa mtazamaji. Brashi zangu za rangi nilizisuuza humo kwa tina. Makopo, mifuko ya saruji, maji ya kuoshea ndoo za zege, vyote humo. Wewe ndiye uliyekuwa unabeba ndoo ya taka za jikoni kila jioni. Unakumbuka? Ilikuwa ya njano, imevunjika mkono, unaikumbatia kama mdogo wako. Siku moja ulirudi nayo ukaniuliza, "Baba, mvua ikishachukua inapeleka wapi?" Nilikuwa nakula. Nikakujibu, "Mbali." Ukaridhika ukaenda kucheza. Uliniamini, na hilo ndilo linaloniuma ninapoliandika.

Lakini taka za jikoni si kitu. Sasa nakuja kwenye bomba.

Nilipojenga nyumba hii nilichimba shimo la choo, na nikiwa nimefika kifuani nikagonga jiwe. Unajua mawe ya Dodoma. Nilipiga sururu siku tatu, nikapata vumbi na malengelenge. Fundi mwenye busara angehamisha shimo, au angejenga chemba pana zaidi. Mimi nikajiona mjanja. Nikachimba mfereji kutoka kwenye shimo hadi ukingo wa korongo, nikalaza bomba la inchi nne, nikafukia, na mwisho wake nikaweka kizibo cha mti kilichovikwa mpira wa baiskeli. Kiangazi kizibo kinakaa. Mvua kubwa ikianza kupiga bati, nakwenda nakitoa. Maji ya korongo yanapita kwa nguvu, shimo linajimwaga, hakuna aliyeona. Wenyewe tunaita kutapisha choo. Neno baya, na kazi yenyewe ni mbaya kuliko neno.

Mzee Malogo, jirani yetu wa mwisho kule bondeni, akaniuliza, "Fundi, mbona shimo lako halijai?" Ningenyamaza ingekuwa nafuu. Badala yake nilijisifu. Nikamwekea na yeye. Kisha Mama Tausi hapo jirani. Kisha na wale wengine watatu. Nyumba sita za mstari wetu, mabomba sita, yote kwa mkono wangu. Mvua ya kwanza ikija Mama Tausi alikuwa anapaza sauti juu ya ukuta, "Fundi, tayari?" Nami nafungua wa kwanza, wengine wanafuata. Wewe unakuwa ndani na madaftari yako, unafunga dirisha, unaniuliza harufu gani hii. Nikakwambia ni harufu ya vumbi likipata mvua. Umekua ukidhani vumbi la Ipagala linanuka hivyo.

Ulipokuwa kidato cha pili, kiangazi, nilimpelekea bibi yako bati za jiko lake. Ulibaki hapa na mitihani. Nilimkuta mtoni anachimba kisima, peke yake, na umri ule. Nikavua shati nikaingia shimoni. Nilichimba mchanga safi kama shibiri mbili, kisha jembe likanasa kwenye nailoni nyeusi, tabaka zima, imelala kama chapati. Nikaitoa. Mchanga tena. Kisha tabaka la pampasi na betri zilizovimba. Mchanga tena. Kisha nailoni nyingine, na ndani yake kifuniko cha kopo la rangi, rangi ya krimu, ileile niliyopaka nyumba tatu mwaka ule. Sisemi kilikuwa changu. Mafundi wa rangi ni wengi. Lakini sikuthubutu kukigeuza upande wa pili.

Bibi yako alikuwa amekaa ukingoni, anapokea kila ninachotoa na kukipanga pembeni, bila hasira, kama mtu anayechambua mboga. Akaniuliza, "Hivi watu wa juu huko ni watu gani, mwanangu?"

Nikamjibu, "Sijui, mama."

Alichota, akamwaga, akachota, akamwaga, kama zamani. Yalipotakata alitoa kikombe cha bati chenye maua ya buluu, kile cha wageni, akanijazia. Nilikishika. Yalikuwa meupe, mazuri kwa macho. Nikafikiria kizibo changu chenye mpira wa baiskeli, nikamwambia tumbo limejaa soda niliyokunywa njiani. Seche, sijawahi kukataa maji ya mama yangu maishani. Alinitazama. Kisha akakichukua kikombe mkononi mwangu, akanywa yeye, yote, bila kuniondolea macho.

Ungedhani nilirudi hapa nikaziba bomba siku ileile. Sikuziba. Nilichofanya ni kuacha kwenda kijijini wakati wa kiangazi. Nikawa naenda kifuku tu, wakati wanakinga maji ya bati, na kiangazi kikifika nasingizia kazi. Ulikuwa unaniuliza kwa nini hatumtembelei bibi likizo ya mwezi wa sita, nami nakwambia kazi zimebana. Kazi hazikubana. Hili ndilo nililojifunza kwa gharama, nalo nakupa: kuona aibu si kutubu. Mimi niliona aibu miaka mingi, na miaka yote hiyo kila mvua ya kwanza nilikwenda na koleo nikakitoa kizibo. Aibu ikiachwa ikae inakutafutia njia ya kuzunguka, basi.

Kisha ikaja barua yako ya kazi. Ulikuwa unaomba Bahi, kwa wajomba zako, kwenye mpunga na kambale, na mama yako alishaanza kuwatumia salamu. Ukaifungua bahasha hapa mezani ukasoma jina la zahanati. Ni kijiji cha bibi yako. Mama yako akapiga vigelegele mpaka Mama Tausi akaja na yeye akapiga. Ukanigeukia ukasema, "Baba, nitakaa kwa bibi! Nitakunywa yale maji ya mchangani kila siku. Si ulisema ni matamu kuliko ya bomba?"

Nilisema. Nimekuwa nikikusimulia hivyo tangu ukiwa mdogo. Nikatoka nje, na nyinyi mkadhani nimekwenda kuficha machozi ya furaha. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikachuchumaa mbele ya kizibo. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu upande ule wa pili. Miaka yote mama yangu alikuwa kule, na bado sikumwona. Sijui moyo wa binadamu umeumbwaje. Labda mama tunamzoea, tunaona atavumilia. Ilipokuwa wewe, nikaona.

Siku ya pili yake nikachanganya zege, nikaliziba bomba langu. Sikutumia kizibo, nilitumia zege na nondo ndani yake, ili mvua ikipiga bati nisiweze kubadili mawazo. Halafu nikanawa mikono nikaenda kwa Mzee Malogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Za kwako?"

"Nzuri. Nimekuja kuziba lile bomba la choo."

"Linavuja?"

"Halivuji. Linafanya kazi vizuri sana. Ndiyo sababu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Fundi, si wewe uliyeniwekea? Uliniambia ndivyo watu wa mjini wanavyoishi. Leo umeokoka?"

"Nilikudanganya, mzee. Nilianza kujidanganya mwenyewe, nikakumegea na wewe."

"Haya. Na shimo langu likijaa? Nije kujisaidia kwako?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikamwambia, "Nipe wiki mbili nikuletee gari la majitaka mlangoni kwako." Akasema gari halijawahi kupita njia yetu tangu dunia iumbwe. Nikamwambia litapita.

Nilimtafuta dereva wa gari lile, akaja, akashuka, akapima njia ya nyuma kwa miguu. Akafika kwenye kona yetu akasimama. "Mzee, hapa ndipo tatizo. Huu ukuta umeingia njiani. Mwenyewe nani?"

Mwenyewe nani! Nilipoujenga niliusogeza hatua mbili ndani ya njia, Seche. Hatua mbili, ili mama yako apate pa kufugia kuku. Majirani waliona wakaninyamazia kwa sababu mimi ndiye fundi wao. Kwa hiyo mstari mzima wa nyumba ulikuwa hauwezi kunyonya vyoo vyake kwa sababu yangu, na mimi ndiye niliyewauzia dawa ya bomba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba yako ilibidi abomoe ukuta ndipo azibe.

Basi hiyo ndiyo sababu ya nyundo uliyoisikia Jumanne. Ule ukuta niliupenda. Niliupiga lipu mara mbili, na watu waliokuja kuniletea kazi niliwaonyesha kona ile kwanza. Pigo la kwanza mkono ulikataa. La pili likaingia. Kufika adhuhuri nilikuwa napiga kama mtu anayedaiwa, na kuku wa mama yako wametawanyika mtaa mzima.

Jumatano gari likapita. Likanyonya kwetu, likanyonya kwa Mama Tausi. Nyumba nne zikaniambia niendelee, na sasa mabomba matano yana zege. Mama Tausi aliniuliza, "Na mvua ya kwanza nitakuwa nakuita nini sasa?" Nikamwambia aniite chai. Mzee Malogo amekaa kibarazani kwake siku zote hizi ananiangalia tu. Leo mchana, gari liliposimama mbele ya geti lake bila kukwaruza kitu, akanyanyuka, akalizunguka lote, akaniambia, "Haya, fundi. Umeniweza. Leo najiandaa na safari. Njoo kesho saa moja asubuhi. Saa tatu nasafiri kwenda Singida kwenye msiba, na nikirudi sijui lini. Nikiwa sipo, kijana wangu hamfungulii mtu geti."

Nimetazama mawingu ya upande wa mashariki. Wewe mwenyewe umeyaona, umesema safari itakuwa na baridi. Mzee akiondoka kabla sijaziba, mvua ikaja yeye hayupo, kijana wake atafungua, maana ndivyo nilivyomfundisha. Basi lako linatoka saa mbili, na stendi ni ng'ambo ya pili ya mji. Nimepiga hesabu hiyo kila upande, haitoki. Nikikusindikiza, nitakupungia mkono na wiki ijayo nitakutumia kinyesi cha mstari wetu. Nikibaki, utaniona sipo. Nimechagua usinione.

Nitaumia. Nakupenda, mwanangu, na tangu uanze shule sijawahi kukosa kukusindikiza. Ukiwa dirishani ukawaona wababa wa wenzako, ujue wako yuko magotini kwenye matope ya Mzee Malogo na mwiko mkononi, anasindikiza kwa namna yake.

Mama yako ananicheka siku hizi. Ananiita bwana afya. Ameona ninavyosuuza brashi kwenye ndoo yenye mchanga na kuacha rangi itulie, badala ya kukimbilia korongoni. Ameona kopo langu la mafuta machafu ya maandazi yake na chupa yangu ya betri kuukuu. Maji ya povu anamwagia mipapai sasa, anasema mipapai haijalalamika. Juzi nilimkuta amesimama na beseni la maji ya kufulia, miguu imeshashika njia ya korongo kwa mazoea, akasimama, akasonya, akageuka. Mazoea ni kitu cha ajabu. Bibi yako aliyajua haya yote bila kusoma, nami nikayasahau nilipopata nyumba ya bati. Ningekuwa nimeyashika tangu mwanzo ningekuwa nimemaliza kazi kwa ufito mmoja.

Huko uendako watakuletea watoto wanaoharisha. Sisemi ni sisi. Huenda ni ng'ombe waliovunja miiba, huenda ni ndoo chafu, sijui. Lakini hilo "sijui" nimeliegemea miaka mingi kuliko ukuta wowote niliojenga, na sasa nalo nimelibomoa. Wewe chemsha maji, ya mchangani na ya popote, hata bibi yako akinuna. Mwambie ni amri ya kazi. Na kuna kitu kimoja nitakuomba ukichukue kama mtu mzima mwenzangu. Huko utakuwa chini yetu, lakini chini ya zahanati yako kuna kijiji kingine, na chini yake kuna bwawa, na watu wanavua humo. Siku utakayosimama na ndoo yenye maji ya kuoshea vidonda, umechoka, shimo la taka liko mbali na mto uko hapohapo mkavu, utakuwa wewe ndiye watu wa juu. Sikuambii cha kufanya. Nakuambia tu kwamba niliwahi kusimama hapo, na nilichagua vibaya, na ilionekana jambo dogo kabisa.

La mwisho ni la bibi yako. Usimwambie. Najua una moyo mwepesi na mtakuwa mnakaa jikoni pamoja, utatamani kunisaidia. Usinisaidie. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kiangazi kikifika, mchanga ukifunguliwa, nitakuja. Nitachimba mimi. Najua nitakuta tabaka zangu zote, hazitaondoka kwa mwaka mmoja wala mitano, nitazitoa moja moja nimpe mkononi, na kabla hajauliza nitamwambia, mama, watu wa juu ni mimi. Akinichapa sitakimbia. Akinipa kikombe nitakunywa.

Nasikia sauti ya mama yako barabarani, anabishana na mtu wa bajaji. Nimalizie.

Mama yako ameshapanga vifurushi vya kukutumia kila mwezi kwa basi: karanga, unga wa uwele, mlenda mkavu. Wiki nzima ananiuliza na wewe baba utamtumia nini mtoto, na mimi nanyamaza, ananiona bahili. Hajui kwamba katika nyumba hii hakuna aliyetuma vitu vingi kule kuliko mimi. Kila kifuku nimetuma, bila jina, kwa mama yangu mzazi. Sasa sikiliza. Mvua ya kwanza ikishuka, mshike bibi yako mkono mwende ukingoni mkautazame mto unavyokuja. Utakuja na takataka za watu wengine, mji ni mkubwa na mimi ni fundi mmoja. Lakini uangalie vizuri, mwanangu. Humo ndani sijakutumia kitu.

Baba yako